Mtoto ana alama nyekundu usoni: leza sasa hivi au tusubiri akue?

MamaTariq: Jamani naombeni ushauri, mwanangu ana alama nyekundu usoni, kuna kliniki hapa Dar wanataka waanze leza wiki ijayo, mama mkwe anasema tusubiri itaondoka, baba yake anataka tuchange twende India. Kipi bora?

NesiTanga: Dada hujasema ana umri gani, kazaliwa nayo au imetokea baadae, ni bapa au imevimba?

BabaPili: Leza tu, usizungushwe. Mpwa wangu lilififia kabisa.

MamaTariq: Miezi mitatu. Kuzaliwa hakuwa na kitu, wiki ya pili kikaja kidoa, sasa kimenyanyuka chekundu kama nyanya, juu ya jicho la kushoto.

NesiTanga: Hiyo inafanana na hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu. Leza kazi yake kubwa ni lile doa bapa la kuzaliwa nalo, ambalo haliondoki lenyewe. Hemanjioma nyingi husinyaa zenyewe kwa miaka, ila iliyo jichoni haisubiriwi, kope likiziba uoni unaharibika. Siku hizi wanaanza na propranolol, ile ya presha, Wafaransa wa Bordeaux waliligundua hilo 2008. Usinunue duka la dawa! Daktari ampime moyo kwanza, na mtoto anyonye ndo apewe, sukari inashuka.

BabaPili: Kichanga anywe dawa ya presha? Siungi mkono.

ShangaziZuu: Baba Pili, mpwa wako alikuwa na lipi kati ya hayo? Mimi binti yangu alikuwa na hilo bapa shavuni, tukaenda sehemu wanaondolea watu nywele wakatuambia mashine ni hiyohiyo, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka, kesho yake malengelenge, yalivyopona pakabaki weupe na wekundu uko palepale pembeni. Daktari wa ngozi ndo akaja kutueleza kwamba weusi wetu unanyonya mwanga kabla haujafika kwenye mshipa, inatakiwa leza ya mishipa ya damu, nguvu ipunguzwe, ngozi ipozwe. Ulizia mashine kabla hujatoa hata mia.

MzeePwani: Mama alijishika wakati mwezi umepatwa.

ShangaziZuu: Shikamoo mzee, ila usimtwishe mzazi lawama, ni mishipa tu imezidi kukua.

MzeePwani: Marahaba. Sisi tumeyakuta hayo.

MamaTariq: Kliniki wanasema mashine ya kisasa, jina hawajataja. India je?

NesiTanga: Kabla ya India, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi, na macho wanaangalia hapohapo. Jicho linafunguka lote?

MamaTariq: Leo asubuhi nusu.

NesiTanga: Basi kesho Muhimbili, macho kwanza.

BabaPili: Kwani hiyo kliniki wanachaji shingapi?