Ushauri: Nikiruka na baiskeli ya traiali krenki hazimalizi mzunguko

Mwana wa Tandika
Habari za jioni wakuu.

Nina miezi mitano najifunza baiskeli ya traiali, zile za kurukia vizuizi ambazo hazina siti kabisa. Yangu ni ya ringi za inchi 24, nilinunua mtumba kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama Msasani. Nilianza kuupenda mchezo huu kwa kumwangalia Danny MacAskill, yule jamaa wa Scotland. Kuruka kawaida naweza, kupanda ukingo wa barabara naweza, kusimama kwa tairi la nyuma nafika hesabu ya sita.

Kilichonishinda ni krenki flipu. Unaruka, ukiwa hewani unaipiga pedeli, krenki (ile mikono ya chuma inayobeba pedeli) zinazunguka kinyumenyume duara zima, halafu unazidaka kwa miguu kabla hujatua. Wiki ya tatu hii najaribu kila jioni nikitoka kazini, kwenye sakafu ya saruji nyuma ya nyumba. Krenki zinafika nusu, zikijitahidi sana robo tatu, basi. Natua mguu mmoja chini mwingine unaning'inia, na pedeli inanichapa ugokoni. Juzi pini za pedeli zimenichana hadi nimeshindwa kuvaa soksi. Sasa nikitaka kupiga mguu unasita wenyewe.

Shida ni mguu, ni kuruka, au ni baiskeli? Mguu wangu wa mbele ni wa kushoto. Mtaani kwetu sina wa kumuuliza.

Fundi Gololi
Pole sana mdogo wangu. Kabla hujaulaumu mguu, kagua chuma. Friwili yako, ile gia inayoachia pedeli zitulie huku tairi likiendelea kuzunguka, iko kwenye ringi ya nyuma au huku mbele kwenye krenki? Baiskeli nyingi za traiali huwekwa mbele. Ikiwa mbele, ukirudisha pedeli nyuma zinazunguka krenki peke yake, cheni inatulia. Ikiwa nyuma kama baiskeli zetu za kawaida, krenki inaikokota na cheni, kwa hiyo inachoka mapema.

Pindua baiskeli, mtu akushikie, kisha isukume krenki kinyume kwa mkono mara moja kwa nguvu. Uniambie imezunguka mara ngapi.

Mwana wa Tandika
Shikamoo fundi. Iko mbele. Nimesukuma sasa hivi, imezunguka mara moja na kidogo ikasimama, na kuna sauti ya kusaga. Jumapili huwa naenda nayo Coco Beach.

Fundi Gololi
Marahaba. Basi hiyo sauti ni mchanga wa Coco na chumvi. Usiende tena kwenye mchanga, kaa kule juu kwenye lami. Friwili isafishe kwa mafuta ya taa, izungushe huku unamimina mpaka yatoke meupe, iache ikauke kabisa, kisha dondoshea oili nyepesi, hata ya cherehani inafaa. Usijaze grisi nzito. Vijana wengi wanadhani grisi nyingi ndiyo matunzo, kumbe kule ndani kuna vimeno vinavyosukumwa na springi ndogo sana. Grisi ikiganda navyo, krenki inakuwa nzito, na baya zaidi ni kwamba kuna siku havitashika. Utakanyaga kwa nguvu ya kuruka, pedeli ikimbie bure, goti lako likutane na usukani.

Angalia na beringi za katikati, pale krenki zinapopita kwenye fremu, zikikaza sana ni hasara ileile.

Kinyozi wa Mbagala
Samahani kuingilia. Mimi nina ya mtoto wa kaka, ile ya kurudisha pedeli nyuma ndiyo inafunga breki. Naweza kujifunzia?

Fundi Gololi
Hapana kaka. Hiyo ukirudisha nyuma inafunga, haizunguki. Usijaribu kabisa.

BMX Kigamboni
Fundi nakuheshimu, ila kwa maelezo ya huyu ndugu mafuta peke yake hayatamtoa. Mimi niliteseka hivihivi miezi miwili na BMX yangu na friwili ilikuwa safi kabisa.

Mkuu, kosa lako nadhani liko mguu wa kushoto, na wewe unaangalia wa kulia. Fikiria krenki zikiwa usawa. Zikirudi nyuma, pedeli ya nyuma inashuka na ya mbele INAPANDA. Mguu wako wa kulia unapiga chini, sawa, lakini kama wa kushoto bado umelala juu ya pedeli ya mbele umeizuia isipande. Mguu mmoja unasukuma, mwingine umefunga mlango. Ndiyo maana zinakufa nusu. Wa mbele lazima uwe umeshanyanyuka, goti likija kifuani, wakati wa nyuma ndio unapiga. Na ukishapiga, huo wa nyuma nao uvute juu haraka, maana pedeli ya kushoto inazunguka kuufuata.

Nilichofanya mimi: nilianza na nusu mzunguko kwa makusudi. Unaruka, unapiga kidogo, unatua pedeli ya kulia ikiwa mbele. Unajisikia mgeni kwenye baiskeli yako mwenyewe, lakini miguu inajifunza kuachia na kudaka bila kukurupuka. Nilikaa hapo wiki nzima.

Mwalimu wa Hesabu
Niongezee jambo la muda. Matairi yakinyanyuka sentimita 30, kupanda ni kama robo sekunde na kushuka robo nyingine. Jumla nusu sekunde. Ukisubiri ufike kileleni ndipo upige, umeshaitupa nusu ya muda wako. Piga tairi la nyuma linapoachana tu na ardhi.

Vilevile ruka kutoka kwenye ukingo au ngazi ya sentimita 20. Kuruka ni kulekule, ila unakaa hewani karibu sehemu moja ya saba zaidi. Kwa anayejifunza, hiyo ndiyo nafasi ya kuuona mguu unatua.

Mama Tabibu
Mwanangu, mimi baiskeli siijui, nimesoma kwa sababu ya hicho kidonda. Kioshe kwa maji mengi safi na sabuni, na kama hukumbuki mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda nenda kituo cha afya, usingoje kiume. Na kabla hujarudi kuruka tafuta kinga za ugoko za wachezaji mpira. Kamba za viatu zichomeke ndani.

Mwana wa Tandika
Asante sana mama, nimechomwa leo asubuhi. Wengine wote nimewasoma mara mbili mbili. Naanza na usafi wa friwili.

Mwana wa Tandika *(siku 16 baadaye)*
Wakuu nimerudi.

Friwili imetoa tope jeusi ambalo sikulitegemea, sasa nikisukuma kwa mkono inazunguka mara nne. Lakini siku ya kwanza baada ya kusafisha bado nilikwama! Nikampa mdogo wangu simu anirekodi kwa upande. Kweli kabisa BMX Kigamboni, mguu wa kushoto ulikuwa umeganda pale kama umegundishwa. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa naamini nimeunyanyua.

Nikarudi kwenye nusu mzunguko, siku nane. Kinga za mpira zimeokoa ugoko mara nyingi sana. Jana kwenye ngazi ya pale nyuma nimedaka mzima mara tatu. Ya kwanza nilibaki nimesimama tu juu ya baiskeli, mikono inatetemeka, mdogo wangu anapiga kelele kuliko mimi.

Swali lililobaki: nikijaribu nikiwa kwenye mwendo, baiskeli inainamia kulia pale ninapopiga.

BMX Kigamboni
Hongera sana mkuu, nimefurahi kweli! Hiyo ya kuinama ni kwa sababu unapiga kwa mwili mzima. Ukishamaliza kuvuta usukani, mabega yabaki juu ya stemu (kile kipande kinachoshika usukani), piga kwa kifundo cha mguu tu. Mwendo uwe wa mtu anayetembea, usizidi. Jumamosi asubuhi ukivuka kivuko nijulishe, nitakuonyesha kwa macho.