Waliosoma uongozi wa michezo nje tupeane uzoefu: mechi ya mtaani uliyoenda kule ilikuaje?

Mwana wa Ujiji (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa Kigoma, nimezaliwa Ujiji, nilienda Uingereza kusoma masta ya uongozi wa michezo, mwaka mmoja, jiji la Liverpool. Naanzisha uzi huu kwasababu kila mtu akijua nimesoma Liverpool swali lake la kwanza ni uwanja wa Anfield uliingia mara ngapi, na mimi kila siku nataka kumsimulia mechi nyingine kabisa ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Iko hivi. Tulipewa kazi darasani, kila mtu atafute timu ndogo, aende siku ya mechi aandike kila sehemu pesa inapoingilia, hata kama ni senti. Mimi nikapewa Marine, timu ya Crosby, imeanzishwa 1894, unapanda treni pale Liverpool Central kama dakika 20 unashuka Blundellsands & Crosby unatembea kwa mguu. Ilikua mwezi wa 11, baridi inaingia mpaka kwenye meno, nimevaa masweta mawili na koti na bado nilikua natetemeka, na moyoni nikawa nasema hivi nimetoka Kigoma kwenye jua nije kuangalia watu wa ligi daraja la nane?

Kiwanja chenyewe upande mmoja hakina jukwaa, kuna wavu tu na nyuma ya wavu ni nyumba za watu, mpira ukipaa unaangukia kwenye bustani ya mtu. Nikacheka maana nilikumbuka Ujiji mpira ukiingia uani kwa bibi mpaka umbembeleze. Alafu nikasimuliwa kwamba hapohapo, tarehe 10 Januari 2021, Tottenham ya Mourinho, timu ya Ligi Kuu kule, ilikuja kucheza Kombe la FA. Wakati ule wa korona mashabiki hawaruhusiwi kuingia, kwahiyo timu ilikua inaikosa pesa ya siku kubwa kuliko zote kwenye maisha yake. Wakaamua kuuza tiketi za kwenye mtandao, pauni 10, tiketi ambayo haikuingizi popote, unanunua kuisaidia timu tu. Zikauzwa zaidi ya 30,000. Walifungwa 5-0 na hakuna anayeizungumzia hiyo tano, wanazungumzia zile tiketi.

Mimi nilikua na daftari langu naandika. Getini pesa. Kijitabu cha mechi pesa. Chai kwenye kikombe cha karatasi pesa. Mapumziko akapita mama mmoja mtu mzima anauza bahati nasibu, nusu ya makusanyo anachukua mshindi na nusu inabaki kwa timu. Mabango ya biashara za palepale mtaani kuzunguka kiwanja, fundi wa bomba, muuza mazulia, saluni. Nikajaza kurasa tatu nikajiona nimemaliza kazi.

Wakati wa kutoka yule mzee wa getini akanisimamisha, alikua anawajua watu wote kwa majina na sura yangu ilikua ngeni. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kigoma, Tanzania, kwenye Ziwa Tanganyika. Akaniuliza timu yangu, nikamwambia Yanga. Akasema sawa, hiyo ndo kubwa, na timu ya mtaani kwenu?

Wakuu nilinyamaza. Timu ipo, nimekua naiona tangu mdogo, kaka zangu wamechezea, lakini sijawahi kuitolea hata mia tano. Sijawahi kuinunulia hata maji. Nilirudi na ile treni nikiwa sijisikii vizuri, na zile kurasa tatu nikaona hazina kitu kwasababu niliandika pesa inapoingilia na sikuandika kwanini watu wanaitoa.

Ndo nataka kusikia kwenu, wa Kigoma, Tabora na kwingine, uliyosoma nje iwe masta, kozi fupi, ukocha, chochote. Mechi ya mtaani ilikuonyesha nini ambacho darasani hakikuwepo?

Mwalimu wa Tabora

Mwangaluka ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa michezo, mwanamke, nipo Tabora mjini. Sikusoma uongozi moja kwa moja, nilienda Leipzig Ujerumani kwenye kozi ya makocha pale chuo kikuu, ile ambayo serikali yao inafadhili watu kutoka nchi zetu, na ndani yake kulikua na masomo ya kuendesha klabu.

Wikiendi moja wenzangu wakaenda kuangalia timu kubwa, mimi dada mmoja mwenyeji akanichukua twende mtaa wa Leutzsch kuiona timu ya Chemie Leipzig. Hii ilishawahi kua bingwa wa Ujerumani Mashariki 1951 na 1964, sasa hivi ipo madaraja ya chini na mashabiki ndo wenye mali. Yaani unamkuta mtu anapaka rangi ukuta, ukimuuliza kakodiwa na nani anakwambia mimi ni mwanachama.

Nilichokiona cha kwanza, na sitakisahau, ni bibi kizee wa miaka kama 70 amekaa peke yake na skafu yake ya kijani, hana mume pembeni, hana mtoto, hakuna anayemsumbua wala kumuuliza umefata nini. Mpira ukaisha akakunja mto wake wa kukalia akaondoka. Nikafikiria wanafunzi wangu wa kike, wakitaka kwenda kuangalia mechi lazima waende na kaka, na wakifika wanapigiwa miluzi, na choo cha kike hamna. Kuna kiwanja kimoja huku kwetu nimeshawahi kutembea nusu saa kutafuta nyumba ya kuomba choo, mechi inaendelea. Tunasema wanawake hawapendi mpira, kumbe tumewafungia mlango.

Cha pili ni vikombe. Ukinunua kinywaji unalipia na kikombe juu, ukirudisha unarudishiwa hela yako. Mlangoni wameweka pipa, ukitaka unatumbukiza kikombe na ile hela inaenda timu ya watoto. Watu walikua wanatumbukiza tu wakipita, bila tangazo, bila kuimbiwa. Nilisimama pale kuwatazama mpaka yule dada akaniuliza kama naumwa.

Kasulu Boy

Mwana wa Ujiji umenigusa kwenye lile swali la mzee. Mimi nilikua China, Guangzhou, nasoma mambo ya michezo na utalii. Kuna mashindano yanaitwa Cun Chao, ni ligi ya vijiji kule wilaya ya Rongjiang, mkoa wa Guizhou, yalianza Mei 2023 na timu 20 za vijiji. Wachezaji ni watu wa kawaida, muuza nyama, dereva, mwalimu, fundi ujenzi. Nikapanda treni ya mwendokasi na mshkaji wangu mmoja wa Burundi tukaenda.

Aisee watu walikua wengi mpaka milimani kule nyuma. Na kiingilio bure. BURE wakuu. Mapumziko wanaingia akina mama na mavazi yao ya asili, makabila ya kule, Wadong na Wamiao, wanaimba wanazunguka kiwanja wanagawa chakula kwa mashabiki, tukapewa na sisi, wali wa kunata na nyama. Sasa zawadi, mimi nilidhani pesa au kombe la dhahabu, kumbe mifugo! Ng'ombe, nguruwe, kondoo. Mshkaji wangu akanigeukia akasema kwa Kirundi, hii si kwetu hii? Maana mimi kijijini kwetu tumecheza sana kombe la mbuzi, mnashinda mnamchinja palepale na mliowafunga mnawaita mle wote.

Tofauti ni kwamba wenzetu hawakuona aibu na mbuzi wao. Kiwanjani bure lakini hoteli zinalipwa, migahawa inalipwa, nguo za asili zinauzwa, treni zinajaa, wilaya ambayo ilikua inahesabika maskini. Sisi mtu akipata elimu kidogo anataka kombe la mbuzi life liletwe la fedha taslimu. Mimi nikirudi nilimwambia diwani wetu hivi hivi, tuache mbuzi abaki, tuongeze ngoma na soko siku ya fainali. Alinisikiliza, bado tunaongea.

Kijana wa Gungu

Kaka zangu na dada zangu shikamooni. Mimi nina diploma, napenda sana hii fani ila sijui pa kuanzia. Gharama zikoje na je mtu wa kawaida wa Kigoma anaweza?

Mwana wa Ujiji

Marahaba mdogo wangu. Nikujibu kwa ninayoyajua. Ada ya kimataifa Uingereza ni kubwa, usidanganywe, kwahiyo tafuta ufadhili kwanza. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipa masta ya mwaka mmoja yote mpaka nauli, lakini uwe na digrii na uzoefu wa kazi miaka miwili, wanahesabu masaa 2,800, hata ya kujitolea yanahesabika, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Kwahiyo wewe malizia digrii, ujitolee kwenye timu au chama cha mpira na kila kitu uweke kwa maandishi. Ipo na FIFA Master, masta ya uongozi wa michezo, ilianza 2000, unasoma Leicester alafu Milano alafu Neuchâtel Uswisi, ni ngumu kuingia ila iombe ukifika.

Kama unajilipia, ile pesa ya kujikimu lazima ikae benki siku 28 mfululizo haijashuka, wengi wanaanguka hapo. Na kipimo cha kifua kikuu kinafanyika Dar, kwahiyo piga hesabu ya nauli ya kutoka Kigoma na pa kulala. Kazi ukiwa masomoni wanaruhusu masaa 20 kwa wiki, hayo ni ya kula tu, hayalipi ada.

Mzee wa Mirambo

Mimi sikufika huko. Nilitoa hela kwa mtu aliyejiita wakala, viza ikakataliwa na hela haikurudi, nikakaa mwaka mzima sitaki hata kusikia neno chuo. Baadae nikaenda Malya, chuo cha serikali cha michezo kule Kwimba. Kijana wa Gungu nakuandikia ujue hiyo njia ipo na nimeishi kwa hiyo elimu mpaka leo. Usimpe mtu hela ya maombi, maombi yanajazwa na wewe mwenyewe.

Mwalimu wa Tabora

Mzee wangu pole sana kwa hilo, na asante kwa kulisema. Mwana wa Ujiji, hujamalizia. Ulivyorudi ukaifanyaje timu ya mtaani?

Mwana wa Ujiji

Dada ngoja nieleze. Kabla sijaondoka, Julai 2021, nilikuwepo uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma kwenye ile fainali ya FA ya Simba na Yanga, kichwa cha Taddeo Lwanga wa Simba kikatuua 1-0. Mji ulifurika, gesti zilijaa, mama zetu waliuza migebuka mpaka ikaisha saa tano asubuhi. Siku ya pili watu wakaondoka na mji ukabaki kama kawaida, timu zetu za mtaani hazikubaki na hata mpira mmoja. Nilivyokua darasani Liverpool hiyo picha ilikua inanirudia. Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, walivyoitoa Mbeya City 2023 wakapanda Ligi Kuu nilifurahi mpaka machozi, lakini hata hapo nikajiuliza, hawa wachezaji wa kesho wa Kigoma wanatoka wapi kama timu za mtaani zinasubiri mfadhili wakati wa uchaguzi tu?

Kwahiyo niliporudi sikuenda na mpango mkubwa. Nilienda kwa kamati ya timu, wazee wenyewe nawaamkia tangu mtoto, nikaomba kitu kimoja, daftari la wanachama. Kila mwanachama buku moja, yaani shilingi elfu moja, kwa mwezi. Wa kwanza nikajiandika mimi. Wa pili ni mama mmoja muuza mihogo pale kiwanjani, akasema miaka yote nauza hapa hakuna aliyewahi kuniambia hii timu ni yangu pia. Mapumziko tukaanza bahati nasibu kama ile ya Crosby, baada ya kuomba ruhusa serikali ya mtaa, ila zawadi ni lita tano za mawese, tiketi moja shilingi mia tano. Siku ya kwanza tulipata ya mipira miwili na chokaa ya mistari. Kuna mwezi daftari lilibaki na watu tisa tu, nikalala vibaya kweli, wakarudi tulipobandika ukutani kila shilingi imeenda wapi.

Nilipiga picha ya timu, wamesimama na mipira mipya, nikamtumia yule mzee wa getini. Nikamwandikia hii ndo timu ya mtaani kwetu. Alijibu siku hiyohiyo akauliza matokeo. Tulitoka 2-2, nikamwambia.

Mwalimu wa Tabora

Mungu awabariki. Hilo buku mnalikusanyaje, kwa simu au mkononi? Nataka kuanza na timu ya wasichana wangu.

Mwana wa Ujiji

Mkononi dada. Tulijaribu simu watu wakawa wanasahau, alafu makato. Yule mama wa mihogo ndo mhasibu wetu sasa hivi, ukinunua muhogo anakuuliza na daftari. Nikipata nafasi nitampigia simu muongee, atakuelekeza vizuri kuliko mimi.