Niliigiza nikiwa mtoto, sasa naimba: je, nipande jukwaani kwa jina la mhusika?

Binti wa Kisauni

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nilipokuwa shule ya msingi nilichaguliwa kuigiza katika mchezo mmoja wa televisheni uliopendwa sana, nikaendelea nao hadi nilipoingia sekondari, ambapo mhusika wangu alipelekwa shule ya bweni ndani ya hadithi na hakurudi tena hata likizo. Jina la mchezo na la mhusika sitayataja, kwa sababu mtanitambua mara moja, na huko kutambuliwa ndiko kulikonileta hapa.

Sasa mimi ni mtu mzima na kazi yangu ni kuimba. Nimerekodi nyimbo zangu katika studio moja ya Bamburi, hapa Mombasa, na mwisho wa wiki huimba na bendi katika hoteli za Nyali na Mtwapa. Kila ninaposhika maikrofoni, kabla hata kinanda hakijaanza, hutokea mtu kwenye meza za nyuma akapaza sauti akitaka nitamke yale maneno ya utani ambayo yule mtoto alikuwa akimjibu babu yake. Nikiyatamka, ukumbi mzima hucheka. Kisha naanza wimbo wa mapenzi nilioutunga mwenyewe, nao huendelea kucheka, simu zikiwa juu, wakingoja kituko kingine. Nisipoyatamka, huambiwa nina maringo.

Promota mmoja ananiandalia onyesho karibu na ufukwe wa Mama Ngina. Bango alilolitengeneza lina jina la mhusika kwa herufi kubwa, langu limebanwa chini, na picha ni ile ya utotoni, nina sare ya shule na pengo la meno ya mbele. Anasema bila hivyo tiketi hazitauzika. Baba yangu, ambaye ndiye aliyetia saini mkataba wa uigizaji kwa niaba yangu, anakubaliana naye. Naomba ushauri: nikubali? Na kisheria, jina lile ni la nani?

Nahodha wa Likoni

Dada, kubali. Mji huu umejaa vijana wenye sauti nzuri wasiojulikana hata mtaa wa pili, nawe una jina linalojulikana nchi nzima. Jaza ukumbi kwanza, mengine yatafuata.

Mpenzi wa Muziki, Tudor

Namheshimu Nahodha, lakini simuungi mkono, kwa sababu ukumbi uliojaa watu waliokuja kumtazama mtoto hautoki pale ukiwa umemjua mwimbaji. Tazama waliopita njia hii. Janet Jackson alijulikana kwanza kwa kuigiza mtoto katika mchezo wa televisheni huko Marekani, kuanzia mwaka 1977. Albamu zake mbili za mwanzo, za 1982 na 1984, hazikutikisa soko, ingawa jina alikuwa nalo, na la familia nzima. Mambo yalibadilika kwa albamu ya tatu, mwaka 1986, baada ya kumwondoa baba yake katika umeneja na kwenda Minneapolis kufanya kazi na Jimmy Jam na Terry Lewis, waliomwacha aimbe mambo yake mwenyewe. Umaarufu wa skrini ulikuwepo tangu mwanzo; kilichokosekana ni nyimbo ambazo asingeweza kuziimba mtu mwingine.

Drake naye alianza kwa kuigiza kijana ambaye baadaye huishia kwenye kiti cha magurudumu katika mchezo wa shule uliotengenezwa Kanada, na alipoanza kurap wapo waliomdhihaki kwa hilo. Hakuukana uigizaji wake, wala hakupanda jukwaani kwa jina la yule kijana. Ariana Grande alikuwa akiigiza msichana mwenye sauti ya kitoto na nywele nyekundu, lakini albamu yake ya kwanza ya mwaka 2013 aliiimba kwa sauti yake kamili, nayo ikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard. Najua hao wana makampuni nyuma yao, nawe una bendi ya hoteli; hata hivyo swali la jina walikutana nalo kama wewe.

Mwanasheria wa Tononoka

Nijibu lile la sheria. Kazi ya sanaa iliyoagizwa au iliyofanywa chini ya ajira, hakimiliki yake nchini Kenya humwendea aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Kwa hiyo maandishi ya mchezo, yakiwemo maneno ya mhusika, na yamkini picha ile ya sare, si yako. Jina lenyewe ni suala la chapa ya biashara zaidi: mtayarishaji anaweza kuwa amelisajili katika taasisi ya KIPI, na usajili hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa. Ombeni upekuzi ufanywe huko kabla bango halijachapishwa. Kuandika kwamba wewe ni fulani "aliyeigiza" mhusika fulani ni kueleza jambo la kweli, na hatari yake ni ndogo kuliko kulifanya jina la mhusika kuwa jina la onyesho. Promota akishikilia la kwake, aandike na kutia saini kwamba madai yoyote yatakayozuka yatakuwa juu yake. Utaona jinsi herufi zitakavyopungua ukubwa.

Nyimbo zako ni zako tangu ziliporekodiwa, lakini zisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ili uwe na ushahidi. Na ukiziweka kwenye milio ya kusubiri simu, ile anayoisikia anayepiga, kumbuka kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalimtengea msanii angalau asilimia 52 ya mapato.

Jambo la mwisho: usome ule mkataba wa utotoni, pamoja na hesabu ya malipo. Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921, alipokuwa mtu mzima alikuta fedha zake zimetumiwa na mama yake na baba wa kambo, na kesi yake ndiyo iliyozaa sheria ya California ya kuwawekea watoto waigizaji sehemu ya mapato. Sheria hiyo haifiki Kisauni.

Mwalimu wa Kwaya, Changamwe

Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu sauti yenyewe? Nimewafundisha wengi waliosifiwa wakiwa watoto, na kasoro yao ni moja: hung'ang'ania sauti ya kwanza, ile ya juu, kwa kuwa ndiyo watu walioizoea, ilhali sauti yao ya utu uzima imeshuka na kunenepa. Mwombe mpiga kinanda ashushe ufunguo wa ule wimbo wa mapenzi, uuimbe kwa sauti ya pili, ile ya chini yake, kisha usikilize rekodi. Huenda wanacheka kwa sababu wanaisikia sauti ya yule mtoto.

Bi Mkubwa, Kibokoni

Mwanangu, maneno ya utani yatamke wewe mwenyewe, wakati unaoutaka wewe. Weka katikati, baada ya nyimbo tatu nne, uyaseme mara moja, bendi idake papo hapo na chakacha, wainuke wacheze. Asiyejibiwa mwanzoni atangoja. Na uende kwenye harusi: Zuhura Swaleh wa hapa kwetu aliwashika wanawake kwa taarabu yenye mdundo wa chakacha, na wanawake wa harusini wakikupenda hawakuulizi ulikuwa nani kwenye televisheni.

Binti wa Kisauni

Nawashukuru nyote. Mwalimu, tumeujaribu wimbo kwa ufunguo wa chini mazoezini, na mpiga besi aliacha kupiga akauliza ni nani anayeimba. Promota amekubali kugeuza majina na kuondoa picha, ila amepunguza malipo ya awali. Nimekubali. Limebaki la mkataba: uko kwa baba, na nikiutaja huuliza kama namshuku. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Bi Mkubwa, Kibokoni

Usimtajie malipo kwanza. Mwendee akiwa peke yake baada ya magharibi, umwambie wakili anataka kuuona kwa ajili ya bango, nalo ni kweli. Akikutolea, piga picha kila ukurasa mbele yake, umrudishie karatasi zake. Akikataa, nenda na ami yako mkubwa, umwache yeye azungumze.

Mwanasheria wa Tononoka

Na ami naye asipofaulu, mwandikie mtayarishaji barua ya kuomba nakala, kwa jina lako, ukitaja kwamba wewe ndiye uliyeigiza na sasa umevuka miaka 18.