Taa za ukutani nje ya nyumba, nichukue zipi? Niko Olasiti, Arusha

Mkazi wa Olasiti:
Wakuu habari za jioni. Nyumba yangu plasta ya nje imeisha, fundi rangi anaingia mwezi ujao, na waya za taa za nje zimeachwa zinaning'inia ukutani pointi sita, mbili kibarazani mbele, moja mlango wa jikoni, mbili upande wa madirisha ya vyumba na moja nyuma. Fundi umeme wangu anasema nifunge fladi laiti nyeupe za wati 50 pointi zote tumalize kazi, mke wangu anataka zile za ap dauni zinazopiga mwanga juu na chini, na mi mwenyewe nimezunguka madukani mjini nimechoka maana kila taa unayoshika unaambiwa "hii ya nje bosi" hata kama ukiiangalia unaona kabisa mvua moja tu ya Aprili imeisha. Nataka usalama, ila sitaki nyumba ing'ae kama sheli usiku kucha. Na za sola je, zinafaa huku kwetu? Umeme ukikatika kule nyuma ni giza totoro.

Fundi Sakina:
Mkuu anza na boksi, usianze na sura ya taa. Tafuta herufi IP na namba mbili mbele yake, ya kwanza ni vumbi na ya pili ni maji. IP20 ni ya sebuleni hiyo, hata wakikuapia. IP44 inavumilia maji ya kurukia, kwa hiyo kibarazani chini ya bati inakutosha kwa upande wa maji, lakini hizo pembeni na nyuma zinazopigwa na mvua ya upepo chukua IP65, na kwa vumbi la Olasiti kiangazi mi ningechukua IP65 zote, ile 6 maana yake vumbi haliingii kabisa.

Alafu kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka. Taa ikishakaa ukutani, piga silikoni juu na pembeni mbili, CHINI UACHE WAZI. Maji yakipenya nyuma ya taa yapate pa kutokea, ukiziba pande zote yanakaa humo humo, skrubu zinaota kutu na rangi inavimba kuzunguka taa. Na hiyo IP65 inategemea ile mpira inayobana waya pale unapoingia, fundi akiikata aitoboe ovyo ili waya upite haraka namba ya kwenye boksi haina kazi tena.

Kingine angalia leo leo kabla ya rangi, kila pointi imeachwa waya ngapi? Taa za alumini zinataka ethi, yaani waya wa tatu wa kupeleka umeme ardhini ukivuja.

Mama wa Rau:
Kaka yangu pole na ujenzi. Mi niko Moshi na nakuomba sana usikubali hizo nyeupe. Kwenye boksi kuna namba ya K, 6500K ndo ule mweupe wa bluu, 3000K au 2700K ndo wa njano uliotulia. Wadudu wanavutwa zaidi na ule mweupe, sasa subiri vuli ianze kumbikumbi watoke, mlangoni asubuhi unazoa mabawa kwa kizoleo, na wadudu wakijaa mijusi kafiri nao wanahamia hapo hapo, ukuta mpya wa krimu unaanza kuwa na michirizi ya vinyesi chini ya kila taa. Wa njano hauwamalizi wadudu ila wanapungua na unaiona tofauti.

Halafu fladi laiti upande wa vyumba vya kulala hapana jamani, mwanga unaingia mpaka kitandani na kwa jirani pia. Na usalama sio ukali wa mwanga, taa kali ikikupiga usoni ukiwa getini huoni aliyesimama pembeni yake kwenye kivuli, taa iliyofunikwa juu inayomwaga mwanga chini ndo inakuonyesha mtu.

Kuhusu ap dauni za shemeji yetu, ni nzuri kweli, ila mwanga unaopanda ukiwa umeukaribia ukuta unaonyesha kila wimbi la plasta. Kabla hujanunua shika tochi usiku uibane na ukuta uelekeze juu, utaona mwenyewe. Plasta ikiwa imenyooka mpe mbili za kibarazani afurahi.

Mdau Ngaramtoni:
Nakazia kwenye hesabu. Taa sita za wati 50 zikiwaka saa 12 ni uniti 3.6 kwa siku, yaani 108 kwa mwezi. Sita za wati 9 ni kama uniti 19 tu kwa mwezi, na balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga kama zile za zamani za wati 60, mlangoni inatosha kabisa.

Sola zinafaa ila zile zenye kipaneli kichwani ukizifunga chini ya bati jua hazilioni, na Juni Julai hapa kwetu mawingu yanashinda siku nzima, saa nne usiku ishazima. Chukua yenye paneli ya pembeni yenye waya wake uipandishe juu ya bati, hiyo iweke nyuma, yenye sensa ya mtu, iwake mtu akipita. Na nunua taa zenye holda ya balbu sio zile za LED iliyogandishwa humo humo, hizo zikiungua unatupa taa nzima.

Mkazi wa Olasiti:
Asanteni sana, mama shikamoo. Nimekagua, mbele waya tatu, ila jikoni, pembeni na nyuma ni mbili mbili. Nimeudhika kwa kweli maana nililipia kazi kamili. Nifanyeje, na zikae urefu gani?

Fundi Sakina:
Kama waya zimepita kwenye paipu mwite avute wa tatu sasa hivi, afunge waya mpya mbili kwenye mmoja wa zamani, huo ukivutwa kutoka mpya zinaingia na zinakuwa tatu, bila kupasua ukuta. Na meni swichi izimwe kwanza. Ikishindikana, hizo pointi weka taa za plastiki zenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, hizo zina kinga mbili hazihitaji ethi. Ya alumini kwenye waya mbili usikubali hata akikwambia wote wanafanya hivyo, ukuta ukilowa mtoto akishika ni hatari. Mlangoni weka kama futi sita toka sakafuni, pembeni panda hadi saba au nane mtu asiifikie kirahisi. Akimaliza kuvuta hizo waya leta picha tuone kabla rangi haijapigwa.