Solisita na barista wa Uingereza, tofauti nini?

Mleta mada: Wakuu, mdogo wangu anamaliza digrii ya sheria Uingereza, sasa anaambiwa achague solisita au barista, mi naona wote mawakili tu, aende wapi?

Mdau 1: Solisita ndo anakaa na mteja, mikataba, wosia, kuandaa kesi. Tangu 2021 kuna mtihani wa SQE, ule wa kufuzu usolisita, na miaka 2 ya kazi. Barista ye zaidi ni kusimama kortini, anajiunga na Inn (chama cha mabarista) mojawapo kati ya zile 4 za London, anasoma kozi ya ubarista kisha mwaka mzima chini ya barista mzoefu, na hizo nafasi chache mno aisee, pagumu hapo.

Mdau 2: Solisita naye akipata kibali anasimama mahakama za juu, asiogope.

Mleta mada: Shukrani wakuu, ntamwambia aanze kuomba mapema.