Naomba ushauri: mfano wa bonde la mto kwa Gredi ya 8, nitumie udongo au kompyuta?

Chaki_ya_Bara:
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule moja hapa Mombasa, upande wa bara. Tumefika kwenye mito na mabonde yake na nimechoka kuichora ubaoni. Mtoto anakariri kwamba bonde la mto ni eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mto mmoja, anaandika, anapata alama. Ukimwuliza maji yanayopita mlangoni kwao mvua ikinyesha yanaenda wapi, anakwambia yanakauka.

Siku ya wazazi imekaribia na usingizi sipati. Nitumie mfano wa udongo, au niwaonyeshe kwenye kompyuta tu, ile unayobonyeza mvua inyeshe na mto ujae? Nijibuni upesi.

FundiKarai:
Mwalimu, udongo. Tafuta ubao mpana, inua upande mmoja kwa matofali mawili, panga mawe yawe vilima, tandika karatasi ya nailoni juu yake. Nyunyiza maji kwa chupa ya kunyunyizia. Wataona wenyewe tone likianguka upande huu wa mgongo wa kilima linashuka huku, likianguka hatua moja pembeni linakwenda mto mwingine kabisa. Kisha ondoa nailoni, weka udongo mtupu nusu moja na nyasi nusu ya pili, mwaga maji sawa. Upande wa udongo mtupu maji yatafika chini yamechafuka.

MamaGrediNane:
Nawaombeni walimu, msituagize vitu. Juzi ilikuwa manila, jana gundi, leo mawe na nailoni. Sisi wengine tunauza viazi karai, hatuna hela ya kujenga milima.

Kipanga_Likoni:
Mimi naenda na kompyuta. Kuna sanduku la mchanga lililobuniwa na watu wa Chuo Kikuu cha California kule Davis: kamera inapima urefu wa mchanga, projekta inamulika juu yake mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, ukichimba shimo ziwa linatokea hapohapo. Niliona video yake nikaacha kula. Enzi zetu tulichorewa kontua na mwalimu mwenye mkono unaotetemeka, hadi leo sijui mlima uko wapi na bonde liko wapi.

BintiKisauni:
Kuna njia ya bure. Finyanga karatasi nyeupe, ikunjue nusu, paka migongo yake kwa kalamu za wino wa maji, nyunyiza. Wino unashuka mabondeni wote. Unamaliza kwa kipindi kimoja. Sasa Mwalimu, ikiwa kazi ni nyepesi hivi, siku ya wazazi inakunyima usingizi kwa nini? Kuna jambo hujalisema.

Chaki_ya_Bara:
Ni muda tu dada. Na shule ina mambo yake.

BintiKisauni:
Mambo gani?

Chaki_ya_Bara:
Haya. Mfano upo tayari, watoto wameshaujenga. Ni hori ya Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia bara, na mto Kombeni ukiteremka kutoka upande wa Rabai, mikoko wameitengeneza kwa vipande vya sifongo. Wameweka barabara, wameweka shule yetu. Kundi moja likatia mrija kutoka nyuma ya vyoo vya shule hadi kwenye mikoko, kwa sababu bomba hilo lipo kweli na wanalipita wakienda uwanjani. Ukitia rangi nyekundu ya chakula pale vyooni, inatokea horini.

Mwalimu mkuu ameuona. Amesema mrija utolewe kabla wazazi hawajafika. Nimeuliza habari za kompyuta kwa sababu ndani ya kompyuta shule yetu haimo. Lakini mrija siutoi. Watoto hawakusema uongo, na mimi ndiye niliyewaambia wachore wanachokiona.

Sultani_Tosha:
Ndugu yangu, mkubwa haaibishwi mbele ya wageni. Toa mrija, fundisha somo lako, mshahara uingie. Mimi nilimrekebisha bosi wangu bandarini mbele ya watu. Sasa hivi naendesha tuktuk.

MamaGrediNane:
Mwanangu akicheza karibu na majitaka mimi nataka kujua! Usiutoe.

FundiKarai:
Sifongo ya mikoko isiwe kavu, loweka kwanza uikamue. Ikiwa kavu itameza maji yote na rangi haitaonekana.

Jicho_la_Tai:
Hii ni hekaya. Mombasa ni kisiwa, huo mto umetoka wapi? Maji yetu ya mfereji yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, na Baricho kwenye mto Sabaki. Eti wanafunzi wa Gredi ya 8 wamejenga hori nzima na bomba la choo juu yake! Akaunti yako imefunguliwa mwezi huu. Weka picha au funga uzi.

MzeeWaJomvu:
Kijana, usikimbilie kumwita mtu mwongo. Kisiwa hakina mto, lakini yeye amekwambia yuko bara. Kombeni na Tsalu inaingia hori ya Tudor, na mto Mwache unaingia hori ya Port Reitz. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope kutoka mashamba ya juu likafukia mizizi ya mikoko kule Mwache, ikafa kwa wingi. Mizizi ile ndiyo inayopumua. Mto ulikuwepo, tena ulikuja na shamba zima mgongoni.

Jicho_la_Tai:
Sawa Mzee wangu, mito ipo. Picha iko wapi?

Chaki_ya_Bara:
Picha siweki. Shule itajulikana, na mikono ya watoto wa watu inaonekana. Nikwambie jambo moja nisilolipanga mimi. Msichana mmoja alisema mfano wetu una kasoro, kwa sababu hori hujaa na kupwa. Akainua ubao upande wa bahari. Ile rangi nyekundu iliyokuwa imeshashuka ikarudi juu, ikapita mikoko, ikafika pale walipoweka mitumbwi ya wavua kamba. Darasa zima likanyamaza. Babake anavua hapo.

Jicho_la_Tai:
Hapo kwenye kujaa na kupwa umenipata. Mtunzi wa mezani asingelifikiria.

BintiKisauni:
Na mwambie mwalimu mkuu kwamba kutoa mrija hakutoi uchafu. Huku kwetu Kisauni tumekalia mwamba wa matumbawe, una matundu, na kisima hakiko mbali na shimo la choo. Jaza kokoto kwenye chombo cha plastiki angavu, chomeka pampu ya chupa ya losheni iwe kisima, tia rangi juu upande wa pili, mwaga maji, piga pampu. Itatoka yenye rangi. Hata maji ya Mzima ni hivyohivyo: mvua inanyesha vilima vya Chyulu, inazama kwenye miamba ya volkano, inatokea mbali. Mfano wa nailoni hauonyeshi hilo.

Sultani_Tosha:
Bado nasema mwone ofisini kwanza, peke yenu.

Chaki_ya_Bara:
Kumwona nitamwona. Ila siendi kuomba ruhusa ya kuutoa. Nabeba mfano na jagi la maji hadi ofisini kwake asubuhi, amwage yeye mwenyewe. Nikitoka hapo nataka tuzungumze bei ya tangi la majitaka, na wazazi waliokuja tuwaombe mchango kwa kitu wanachokiona.

MamaGrediNane:
Kwa tangi natoa. Tuma ujumbe.

MzeeWaJomvu:
Anza na maji kupwa, Mwalimu. Acha mkuu amwage, atulie, aone rangi imeshuka. Ubao wa upande wa bahari uinue baadaye.