Niuze Steam Deck nichukue ROG Ally, au nitafute namna ya kutuliza fremu?

kobe_mwepesi
Wakuu, salamu. Nina Steam Deck, kile kifaa cha gemu cha mkononi cha Valve, na uvumilivu umeniishia. Gemu zina kigugumizi, hasa nikigeuka ghafla au nikiingia eneo jipya. Kuna jamaa anaitaka kabla ya wiki kuisha, nami nikiongeza kidogo napata ROG Ally, kifaa cha aina hiyo hiyo cha Asus, au Deck yenye kioo cha OLED. Kati ya hizo mbili ipi inateleza zaidi? Naomba jibu kabla sijampa mtu neno langu.

Mzee_wa_Vitufe
Mkuu, hivyo ulivyouliza hatuwezi kukusaidia. Unayo ya LCD, ile ya kioo cha zamani, ya GB ngapi? Unacheza gemu ipi? Umeiweka ndani au kwenye kadi ya microSD? Bonyeza kitufe cha nukta tatu, washa vipimo vya utendaji, utuletee namba. Kuna gemu inayokwenda fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde, bila kuyumba na mtu akaiona nzito, na kuna inayokwenda 55 lakini kila baada ya muda inaganda. Hayo ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haiponyi lingine.

Binti_Pikseli
Chukua OLED. Nilikuwa na LCD, nikahamia OLED ilipotoka mwishoni mwa 2023, sijarudi nyuma. Kioo chake ni cha Hz 90, yaani kinajichora upya mara 90 kwa sekunde. Ukifunga gemu kwenye fremu 45, kila fremu inakaa mizunguko miwili kamili ya kioo, hakuna fremu inayochelewa na nyingine kuwahi. Jicho linapumzika. Betri nayo ni Wh 50, ya zamani ilikuwa 40.

nyuki_mkali
Dada Binti, hapo unampotosha. OLED ina kioo kizuri, sikatai, ila nguvu ya kuchora picha ni karibu ile ile. Kumbukumbu yake ina kasi zaidi, unaongeza fremu chache basi. Ally ina chipu ya Z1 Extreme, na kioo cha Hz 120 chenye VRR, yaani kioo kinaisubiri fremu iwe tayari ndipo kijichore upya. Namba ikipanda na kushuka huisikii sana. Kwa mtu anayelalamika kigugumizi, mimi naanzia hapo.

Mzee_wa_Vitufe
Nyuki, mwambie na upande wa pili. Kioo cha Ally ni 1920 kwa 1080, nukta zaidi ya milioni mbili. Cha Deck ni 1280 kwa 800, milioni moja na kidogo. Akiacha gemu kwenye ukubwa kamili, nguvu yote aliyoongeza inamezwa na nukta. Na VRR yake inaanzia Hz 48, huku gemu nzito nyingi zikicheza chini ya hapo.

nyuki_mkali
Nani kamlazimisha kucheza 1080? Ashushe hadi 720, FSR (mbinu ya kukuza picha ndogo ijaze kioo) ifanye kazi yake. Na chini ya 48 kioo kinaweza kuonyesha fremu ile ile mara mbili ili kibaki kwenye eneo lake.

kobe_mwepesi
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni LCD ya GB 64. Nacheza Cyberpunk 2077 na Elden Ring, zote kwenye kadi maana ndani hazitoshi. Cyberpunk inacheza kati ya 38 na 52, halafu ghafla inashuka hadi 15 na kurudi. Nikisimama sehemu moja iko sawa kabisa.

Tabibu_wa_Feni
Kaka Kobe, usiuze kwanza, nisikilize. Hayo ya 15 yalinikuta mimi, na kifaa kilikuwa hicho hicho cha GB 64. Nilipunguza vivuli, nikapunguza watu mitaani, nikashusha picha hadi ikawa ukungu, na bado inaganda nikikata kona kwa gari. Nikajiaminisha kwamba ni joto. Nikanunua bisibisi na pasta ya kupozea, nikaketi usiku kusafisha feni. Skrubu nane za nyuma zikatoka vizuri. Nilipoupandisha mfuniko nikasikia "tak!" Kadi ilikuwa bado ndani, na kwenye Deck kadi inashikwa na mfuniko. Ilivunjika katikati. Gemu zote zikaenda, na video za familia nilizokuwa nimezihifadhi humo zikaenda pia. Hizo sikuzipata tena na bado zinaniuma.

Kwa kuwa sikuwa na kadi, nikatoa hifadhi ya GB 64 nikaweka SSD, hifadhi ya kasi, ya saizi ndogo ya 2230. Nikapakua Cyberpunk ndani. Feni ile ile, setingi zile zile, na kuganda kule kukaisha. Kumbe nilikuwa nalaumu kichoraji wakati mkosaji ni kadi. Tundu la kadi la Deck linaishia takriban MB 100 kwa sekunde, na ukikimbia mjini gemu inavuta vitu vipya mfululizo. Ukisimama haivuti kitu, ndiyo maana kwako inatulia.

Nakuomba, ukifungua, TOA KADI KWANZA.

Binti_Pikseli
Pole sana kaka Tabibu, hasa kwa hizo video. Mimi nakala naweka sehemu mbili siku zote.

Mzee_wa_Vitufe
Tabibu kaniwahi. Kwa hilo la 38 hadi 52: funga kwenye 40, na kioo nacho kiweke Hz 40, LCD inaruhusu. Watu wanaidharau 40 kwa kuhesabu fremu badala ya muda. Kwenye 30 unasubiri fremu milisekunde 33.3, kwenye 60 ni 16.7. Kwenye 40 ni 25, katikati kabisa. Kwa hiyo nusu ya safari ya kufika 60 umeshaimaliza kwa fremu kumi tu. Anza na setingi za Steam Deck zilizomo ndani ya Cyberpunk yenyewe, kisha upunguze msongamano wa watu.

msomaji_kimya
Mbona mnahangaika? Jicho la binadamu halioni zaidi ya fremu 24.

nyuki_mkali
Si kweli, ndugu. Weka 30 na 60 ubavuni kwa ubavu uzungushe kamera, utaona mwenyewe. Sinema inavumilika kwa 24 kwa sababu kila picha ina ukungu wa mwendo, na wewe hushiki kitufe. Kobe, jaribu pia Lossless Scaling, inatengeneza fremu za kati.

Mzee_wa_Vitufe
Hizo fremu za kati hazisomi kidole chako. Picha inalainika, lakini ukibonyeza kukwepa pigo unachelewa zaidi ya mwanzo. Kwa Elden Ring siishauri hata kidogo.

nyuki_mkali
Kwa gemu za polepole inafaa, mimi naitumia kila siku. Tusimnyime mtu chaguo.

Tabibu_wa_Feni
Mnanikumbusha PSP, kifaa cha gemu cha mkononi cha Sony. Prosesa ilikuwa na uwezo wa MHz 333, lakini mwanzoni gemu zilizuiwa kwenye 222 ili kulinda betri. Kizuizi kilipoondolewa, kifaa kile kile mkononi kikawa kingine.

Binti_Pikseli
PSP! Nilikuwa nayo nyeupe. Ile swichi ya kuwashia pembeni naikumbuka mpaka leo kwenye kidole.

kobe_mwepesi
Nimefunga 40. Nikitembea kwa miguu ni gemu nyingine kabisa, asante Mzee. Kwa gari bado inaganda. Mnunuzi nimemwomba asubiri hadi Jumapili. Tabibu, SSD uliweka ya ukubwa gani? Na SteamOS, mfumo wa Deck, uliirudisha vipi?

nyuki_mkali
Bado nasema Ally.

Tabibu_wa_Feni
TB 1. Unahitaji flashi ya USB ya GB 8 au zaidi yenye faili la urejeshaji la Valve. Elden Ring nayo inakushuka hadi 15, au ni Cyberpunk peke yake? Hilo hujasema.